Anza na giza: taa na mimea kwa tangi lenye kambare wa usiku

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina tangi la maji baridi (yasiyo ya chumvi) la lita 180, urefu mita 1 na kina sentimita 45. Ndani nina kambare wanne wa Synodontis nigriventris, wale wanaoogelea chali, na pleko mmoja, kambare mwenye mdomo wa kunyonya, wa jamii ya Ancistrus. Nimeweka taa ya LED ya lumeni 7,000 inayowaka saa 12 kwa siku, nikapanda Echinodorus, Alternanthera nyekundu na Anubias. Sasa ni mwezi wa tatu. Alternanthera imebaki vijiti, Echinodorus ina majani yenye matundu, Anubias imeota mwani mweusi kama nywele, na kambare siwaoni kabisa. Nikiwasha taa usiku niwatafute, wanakimbia kama wameona adui. Nimeambiwa mimea inakufa kwa sababu mwanga hautoshi. Je, niongeze taa? Ni mimea gani itaishi na samaki hawa? Na zile taa za bluu za usiku zinafaa?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile ambalo unaweza kulifanya leo hii: usiongeze taa. Hiyo uliyonayo tayari imezidi, na ndiyo iliyokuletea mwani na kuwafungia samaki wako mafichoni. Aliyekuambia mwanga hautoshi ameitazama Alternanthera peke yake, kambare hakuwaweka kwenye hesabu.

Wengi wetu hupanga tangi kutoka juu kwenda chini. Tunanunua taa iliyotuvutia, tunatafuta mimea ya kuendana na taa hiyo, kisha tunawatia samaki na kutegemea watazoea. Kwa samaki wa mchana mambo yanaweza kwenda. Kwa kambare wa usiku pindua mpango huo wote. Anza na giza: amua kwanza samaki atajificha wapi saa sita mchana, kisha chagua mimea inayoweza kuishi kwenye kivuli cha namna hiyo, na taa iwe kitu cha mwisho kabisa.

Ili uone kwa nini nasisitiza hivi, mvizie huyo Ancistrus siku moja akiwa amebandika mdomo kwenye kioo, umtazame jicho. Mwanga ukiwa mkali utaona kijipande cha ngozi kimeshuka kutoka juu ya mboni kama pazia, na mboni iliyobaki wazi imejikunja kama mwezi mwandamo. Taa ikizimwa pazia linapanda na mboni inakuwa duara. Samaki hana kope za kufumba, kwa hiyo pazia hilo ndilo kinga yake. Mimi hulitumia kama kipimo. Nikimkuta pleko kwenye maficho yake ya kila siku na mboni bado imekunjwa, najua kivuli changu ni cha jina tu.

Synodontis wako nao wana habari yao. Nigriventris ni Kilatini, maana yake "tumbo jeusi". Samaki wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe, lakini huyu anayeogelea chali ana tumbo lililokoza kuliko mgongo, ili upande unaotazama juu ndio ufichike. Asili yake ni bonde la mto Kongo, na usiku hupita chini ya uso wa maji akiokota wadudu huku amelala chali. Mchana hujibandika vilevile, tumbo juu, chini ya gogo au jani pana. Shika sana neno hilo jani pana, nitalirudia. Chakula anakitafuta kwa sharubu, na vionjio vya kambare havikuishia kwenye sharubu tu, vimesambaa hadi kwenye ngozi ya mwili. Kula, kutembea, kumtambua mwenzake: hakuna hata kimoja anachohitaji taa yako. Taa ni kwa ajili ya mimea na macho yetu.

Halafu kuna jambo ambalo huwashangaza wanaoanza: ukiongeza kivuli, unawaona zaidi. Kambare aliyezungukwa na mwanga mtupu hatoki hata akiwa na njaa, lakini akijua kwamba popote alipo kuna dari hatua moja kutoka kwake, huanza kuzurura hata saa kumi alasiri. Idadi nayo inasaidia. Nigriventris ni samaki wa kundi, wanne ni sawa, sita huwa na ujasiri zaidi.

Sasa tuje kwenye hesabu ya taa. Kipimo cha haraka ni lumeni, yaani wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa, kwa kila lita ya maji. Mimea ya mwanga hafifu hutosheka na lumeni 10 hadi 20 kwa lita, ya wastani 20 hadi 40, na kuendelea juu ni eneo la wanaopuliza gesi ya kaboni dioksidi na kurutubisha kila siku. Yako ni 7,000 kugawa kwa 180, karibu 39. Hapo uko kwenye ukingo wa mwanga mkali, tena kwa saa 12, bila gesi ya ziada. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, kwa sababu mwanga hupungua kadiri unavyoshuka na taa nyingine hukusanya miali katikati na kuacha pembe. Ukibahatika kuazima mashine ya kupima PAR, yaani mwanga ambao mmea unaweza kuutumia, tafuta mikromoli 15 hadi 30 kwa mita ya mraba kwa sekunde pale juu ya mchanga. Bila mashine, lenga lumeni 15 kwa lita. Kwako ni 2,700, karibu asilimia 40 ya nguvu ya taa uliyonayo.

Maana yake si lazima ununue taa nyingine. Kama ina kidhibiti, ishushe hadi 40. Kama haina, inyanyue sentimita 20 juu ya maji au tandika wavu wa plastiki wa dirishani juu ya kifuniko, tabaka moja au mbili, bila kuziba matundu ya kupozea taa. Kama kweli unataka mpya, usidanganywe na ukubwa wa lumeni. Ulizia inayoweza kufifishwa, inayowaka na kuzima polepole, na yenye rangi ya mwanga kati ya Kelvini 5,000 na 7,000. Kuzima polepole kuna thamani kubwa kwa samaki hawa: taa inayokatika ghafla, au kuwaka ghafla usiku wa manane kama ulivyofanya, huwafanya wajigonge kwenye kioo na kuchubuka.

Saa 12 nazo zikate. Anza na 7, na mwani ukishatulia unaweza kufika 8. Tumia taima, usitegemee mkono. Kwa tangi la kambare napenda mchana wa taa uanze saa tano asubuhi na kuanza kufifia saa kumi na mbili jioni, ili muda wao wa kutoka uangukie wakati mwenye nyumba yuko macho. Wapo wanaogeuza kabisa, taa inawaka usiku watu wakiwa wamelala na mchana tangi linabaki giza. Inawezekana, ila chumba kikiwa na dirisha samaki hupata mwanga pande zote mbili za saa, na hapo hapumziki mtu.

Na huo mwani? Mwanga ni kama moto chini ya sufuria: ukiuzidisha, kila kilichomo lazima kiende kasi hiyo hiyo. Mmea ukimulikwa sana unadai kaboni na virutubisho zaidi, na kwenye tangi lisilopulizwa gesi kaboni iliyoyeyuka ni chache. Mmea unakwama, mwani haukwami. Unaanzia kwenye majani yanayokua polepole, ndiyo maana Anubias imeathirika kuliko wenzake. Alternanthera nayo haikufa kwa giza. Hiyo nyekundu hutaka mwanga mkali pamoja na gesi na chakula. Umempa kimoja kati ya vitatu. Iache, ndugu. Nakuambia kwa moyo mweupe, maana mimi mwenyewe nimewahi kuing'ang'ania kwa miezi kwenye tangi la kambare, nikiongeza taa kila ilipodondosha majani, na nilichovuna ni kioo cha kijani na pleko aliyekaa nyuma ya filta mchana kutwa.

Tangi lako lina mmea mmoja mzuri mno kwa kazi hii, nao ni hiyo Anubias iliyochafuka. Inatoka Afrika Magharibi na ya Kati, ikiota kwenye mawe na magogo kando ya vijito chini ya miti mikubwa. Jani lake ni gumu kama ngozi, pleko hulikwangua mwani bila kulitoboa. Tafuta Anubias barteri ya majani makubwa, si ile ndogo ya nana peke yake. Ifunge juu kwenye gogo, majani yatandaze kama paa sentimita 10 hadi 15 chini ya uso wa maji. Baada ya wiki chache angalia upande wa chini wa majani hayo: utamkuta kambare amejibandika, tumbo limegusa jani, sharubu zimelala nyuma, katulia kiasi cha kudhani ni kivuli cha jani lenyewe. Ndiyo lile jani pana nililokuomba ulishike.

Sharti lake ni moja. Anubias ina shina nene linalolala, mithili ya tangawizi. Shina hilo usilifukie mchangani, litaoza na mmea mzima utafuata. Mizizi inaweza kuzama, shina libaki wazi. Lifunge kwa uzi wa pamba au libandike kwa tone la gundi ya sayanoakrileti, ile ngumu kama jeli. Inashika hata kwenye unyevu. Jani moja jipya kila wiki tatu au nne ni mwendo wa kawaida kabisa, usidhani unaumwa. Majani yaliyofunikwa na mwani mweusi kata, hayarudi. Yaliyoguswa kidogo yatapona kivulini.

Pembeni yake weka kangaga la Java, Microsorum pteropus, ambalo nalo hufungwa kwenye gogo kwa namna ile ile. Likianza kuota vitoto kwenye ncha za majani usiogope madoa meusi unayoyaona upande wa chini, ndiko linakozalia. Kangaga la Afrika, Bolbitis heudelotii, linapendeza zaidi kwa jicho langu, kijani chake ni cha kioo, ila linataka mkondo wa maji, kwa hiyo liweke mbele ya mdomo wa filta. Mosi ya Java (Java moss), ule mmea mdogo laini kama manyoya, funga popote.

Kwa mchangani, Cryptocoryne wendtii. Ukiipanda tu huenda ikadondosha majani yote, iyeyuke kama mboga iliyochemka, na utatamani kuitupa. Usiing'oe. Mizizi ikiwa hai itachipua upya katika wiki chache, na baada ya hapo adui yake mkubwa ni mikono yako. Kila ukiihamisha inaanza upya. Ipe kidonge cha mbolea karibu na mizizi kila baada ya miezi 2 au 3. Mchanga wenyewe uwe laini. Changarawe zenye makali hukwangua sharubu, na sharubu ikichubuka huingia maambukizi.

Echinodorus ni suala la pleko. Ukilishika jani mbele ya mwanga utaona madirisha: nyama ya kijani imekwanguliwa, ngozi nyembamba ya upande wa pili imebaki kama karatasi, kisha nayo inatoboka. Huyo ni Ancistrus akitafuta chakula, hasa usiku. Nigriventris hana hatia hapo. Mpe pleko gogo la kutafuna na kipande cha tango au boga jioni, kitolewe asubuhi kisioze. Matundu yatapungua, pengine yasiishe. Mimi ningempa Echinodorus mtu mwingine na kujaza nafasi kwa Cryptocoryne. Ukija kufikiria kambare wengine, jua kwamba Synodontis eupterus hukua mara mbili ya hawa na zaidi, na hufukua. Wale pleko wakubwa wa Pterygoplichthys hupita sentimita 30 na hung'oa mmea wowote uliopandwa mchangani. Kwao ni mimea ya kufunga juu ya gogo tu.

Sasa dari kuu: mimea inayoelea. Hapa ndipo tangi la kambare hubadilika kabisa kwa gharama ndogo. Limnobium laevigatum, Salvinia au Pistia hukata mwanga juu, huchota amonia na nitrati, yaani taka za samaki zilizoyeyuka, moja kwa moja kwenye maji, na kwa kuwa majani yake yako hewani hayana shida ya kaboni. Mizizi yake inaning'inia kama pindo za shuka, na usiku nigriventris huipekua mmoja mmoja, chali, akitafuta vijidudu. Funika theluthi hadi nusu ya uso wa maji, usizidishe. Tengeneza duara kwa mpira wa pampu ya hewa, uache lielee, ndani yake mimea isiingie. Hapo utapata dirisha la mwanga linaloangukia Cryptocoryne, na pembeni kote kivuli. Mvuke unaodondoka kutoka kwenye kifuniko huozesha majani ya Limnobium na Pistia, basi acha mwanya hewa ipite. Punguza kila wiki. Unayopunguza iweke kwenye mboji au iache ikauke kabisa juani, kamwe usiimwage mtoni wala ziwani. Mimea hii huzaana kwa kasi na kufunga maji ya watu, na yanayofanywa na magugumaji unayajua.

Njia nyingine ya kupata giza ni rangi ya maji yenyewe. Magogo na majani makavu ya mkungu hutoa tanini, maji yanakuwa kama chai nyepesi, na miali ya bluu ndiyo inayozuiwa zaidi. Kambare wa mito ya misituni wametulia sana kwenye maji hayo. Majani mawili matatu makubwa yanatosha kuanzia kwa tangi lako. Usipoipenda rangi, acha, kivuli cha mimea kinatosha.

Umeuliza taa ya bluu ya usiku. Inauzwa kwa jina la mwezi, lakini mwezi mpevu kwenye anga safi hautoi hata luksi 1 (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), wakati taa nyingi za bluu hutoa mara nyingi zaidi ya hapo. Isitoshe, seli za jicho zinazoona gizani huhisi zaidi miali ya bluu-kijani, kwa hiyo kinachoonekana hafifu kwako kinaweza kuwa kikali kwake. Mimi hutumia nyekundu. Siwezi kukuambia hawaioni kabisa, samaki wa maji baridi wengi huiona nyekundu kwa kiasi, ila inawasumbua kidogo kuliko bluu. Iwe dhaifu, imulike kutoka upande mmoja, iwake saa moja au mbili baada ya taa kuu kufifia, kisha izime ili wapate giza la kweli. Kama utatumia bluu kwa sababu ndiyo iliyojengwa ndani ya taa yako, ishushe hadi asilimia 1 au 2 na uiwekee taima hiyo hiyo.

Muda huo ndio wa kuwalisha. Subiri nusu saa baada ya giza kuingia, dondosha vidonge vinavyozama kwa pleko na vinavyozama polepole kwa nigriventris, kaa kimya usitembee mbele ya kioo. Wa kwanza kutoka huwa anachungulia kwanza: sharubu mbili zinatokea chini ya gogo, zinapapasa maji, zinarudi ndani. Dakika moja. Zinatokea tena, na safari hii kichwa kinafuata. Ukifika hapo usiiguse swichi.

Jambo moja linasahaulika na ni la hatari. Mchana mimea hutoa oksijeni. Usiku, wakati kambare wako ndiyo wanazunguka na kuitumia, mimea nayo inavuta oksijeni badala ya kuitoa. Tangi lenye mimea mingi na dari ya kuelea linaweza kuishiwa pumzi alfajiri. Elekeza mdomo wa filta uso wa maji utikisike, au weka pampu ya hewa kwenye taima iwake taa inapozima. Ukiwakuta pleko na wenzake asubuhi wako juu wanahema, hilo ndilo la kwanza kuangalia. Na siku ukija kupuliza kaboni dioksidi, ifunge saa moja kabla ya taa kuzima.

Usifanye yote siku moja. Wiki hii shusha taa na saa zake, kata majani yaliyoharibika, badilisha theluthi ya maji. Wiki ijayo tia mimea ya kuelea na unyanyue Anubias juu ya gogo. Ya tatu, panda Cryptocoryne na uongeze maficho: vipande vya bomba la plastiki au vyungu vidogo vilivyolazwa, kimoja kwa kila kambare na kimoja cha ziada, vyembamba kiasi cha samaki kugusa kuta pande zote. Mbolea ya maji tia nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mimea hii haina haraka.

Unapohamisha magogo, tahadhari. Synodontis akishtuka husimamisha miiba ya mapezi na kuifunga isilale, hivyo hung'ang'ania ndani ya ufa wa gogo hata gogo likitoka majini. Linyanyue taratibu, hesabu vichwa kabla halijaacha maji, na ukimkuta ndani liache lizame tena mpaka atoke mwenyewe. Usimvute, na usitumie wavu. Miiba hunasa kwenye nyuzi na kumchana. Mtege kwa kopo la plastiki linaloonyesha ndani, umsukume kwa kiganja polepole, naye ataingia huku akitoa mlio mdogo wa kukwaruza. Huo ni mwiba wa pezi ukisuguana na mfupa wa bega, hajaumia.

Hesabu kamili uifanye mara moja kwa wiki, kwa tochi nyekundu, wakati wa chakula. Ukipata watatu badala ya wanne, kabla hujavuruga mimea yako mipya tazama kwanza nyuma ya filta na ndani ya kila bomba.